Kuchagua fani: Ndoto ya mzazi au uwezo wa mtoto?

KILA mwaka ifikapo Novemba, vijana wetu wa Kidato cha Nne huingia kwenye chumba cha mtihani wa mwisho. Wakishaweka kalamu chini huanza kipindi kirefu cha kusubiri. Matokeo hutoka baada ya mwaka mpya, na wale wanaochaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano huripoti shuleni katikati ya mwaka. Kwa hiyo kijana hukaa nyumbani nusu mwaka na zaidi.

Katika miezi hiyo kuna swali moja linaloulizwa barazani, kwenye shughuli za harusi na hata nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa: "Mwanao anakwenda kusomea nini?" Anayejibu ni mzazi. Kijana mwenyewe husimama pembeni, ameinamisha kichwa. "Udaktari, inshaallah." "Sheria." "Uhasibu." Wasikilizaji huitikia "Mashaallah", na mazungumzo huhamia kwenye mambo mengine.

Hakuna anayeuliza swali la pili, nalo ndilo zito zaidi: Fani hiyo ni ya nani? Ni ya mzazi aliyelipa ada? Ni ya kijana atakayeifanya miaka thelathini au arobaini ya umri wake? Au na umma wa Kiislamu una fungu lake humo?

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si vyema mtu kuwanasihi wenzake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe lilimshinda, halafu akakaa kimya kana kwamba alifaulu.

Kaka yangu alifariki akaniachia mtoto wa kiume. Mtoto huyo tangu akiwa mdogo hakuweza kuona kitu cha umeme kimekufa akakiacha. Feni mbovu, redio ya jirani, pasi, vyote alivifungua. Siku moja spika ya madrasa ilipoanza kukwaruza, ustadhi alikuwa tayari kuchangisha pesa za kununua nyingine. Kijana akaomba apewe siku mbili. Siku ya tatu tukasikia adhana ya Alasiri safi kabisa, na wazee wakamuombea dua.

Matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka alikuwa amefaulu vizuri kiasi, Fizikia ikiwa juu ya masomo mengine. Akaniambia anataka kwenda chuo cha ufundi akasomee elektroniki. Nikakataa. Nilikuwa na sababu ambayo wakati ule niliiona nzito: marehemu baba yake, katika uhai wake, alikuwa akimwita "daktari wangu". Nikasema nitakuwa nimemdhulumu marehemu nikiacha mwanawe akawa fundi. Akaenda Kidato cha Tano kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Miaka miwili baadaye matokeo yake hayakumpeleka popote. Sikusikia lawama kutoka kinywani mwake. Alikuja kukaa mbele yangu akasema, "Baba mdogo, nisamehe, nimekuaibisha." Wallahi, laiti angenilaumu ningepata nafuu. Mimi ndiye niliyekosea, na yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Leo ana meza yake ya kutengeneza simu Kariakoo, na riziki yake ni ya halali. Lakini akiulizwa amesomea wapi, hubadilisha mazungumzo.

Aliyeona ndoto na aliyepewa kazi

Nilichokuwa nikijiambia wakati ule ni kwamba ninatekeleza amana. Hapo ndipo penye mzizi wa kadhia hii. Wazazi wengi wa Kiislamu wanaowachagulia watoto fani hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanafanya kwa mapenzi, na wengine kwa kuamini kuwa ni wajibu wao wa dini. Kwa hiyo tukirejee kisa kimoja ambacho sote tunakijua, ila pengine hatujakitazama kwa upande huu.

Waislamu walipokuwa Madina walitafuta njia ya kuwaita watu katika swala. Swahaba Abdullah bin Zayd (ra) akaoteshwa maneno ya adhana. Akaamka, akaenda kwa Mtume (SAW) kumweleza. Mtume akaithibitisha ndoto ile kuwa ni ya kweli. Kwa fikra zetu sisi, mwenye ndoto ndiye angesimama kuadhini. Ndoto ni yake, heshima ni yake.

Lakini haikuwa hivyo. Mtume (SAW) alimwamuru Abdullah amfundishe Bilal (ra) maneno yale, Bilal ndiye aadhini, na akaitaja sababu: Bilal alikuwa na sauti bora kuliko yeye.

Tuzingatie hapo. Ndoto ilikuwa ya kweli, na mwenye ndoto alikuwa mtu mwema. Hata hivyo, ukweli wa ndoto haukutosha kumpa kazi mtu ambaye kazi hiyo mwenzake aliiweza zaidi. Abdullah naye hakunung'unika kuwa kadhulumiwa. Alisimama kando ya Bilal akamtajia maneno, Bilal akayatoa kwa sauti yake.

Nafasi ya mzazi kwa mtoto aliyemaliza shule ni ile ya Abdullah bin Zayd. Mzazi ana ndoto, nayo inaweza kuwa njema kabisa. Lakini sauti ni ya mtoto. Mzazi husimama kando, humfundisha analolijua, humwonyesha njia na hatari zake, kisha humwacha aadhini kwa koo lake mwenyewe. Mimi nililazimisha ndoto ya marehemu itoke kwenye koo ambalo halikuumbiwa sauti hiyo.

Wala kisa hicho hakiko peke yake. Zayd bin Thabit (ra) alikuwa kijana mdogo tu Mtume (SAW) alipomwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu katika muda wa karibu nusu mwezi. Kazi ya lugha na uandishi ilikwenda kwa kijana aliyeonyesha wepesi wa kuhifadhi na kuandika. Abu Dharr (ra), pamoja na uchamungu wake usio na shaka, alipoomba uongozi, Mtume (SAW) alimweleza kwamba yeye ni dhaifu katika jambo hilo na kwamba uongozi ni amana. Hakuna aliyesema Abu Dharr kapungukiwa na imani. Kilichosemwa ni kwamba kazi ile haikuwa yake.

Karne nyingi baadaye Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, aliandika kitabu kuhusu hukumu za mtoto mchanga na malezi, Tuhfat al-Mawdud. Humo anamtaka mlezi aangalie mtoto ameandaliwa kwa jambo gani, na asimpeleke kwenye jambo jingine maadamu hilo la kwanza linaruhusiwa na sheria. Anaeleza kuwa mlezi akimlazimisha, mtoto hatafaulu katika hilo alilolazimishwa, na lile aliloandaliwa litampita. Nilikisoma kipande hicho wakati mwana wa kaka yangu ameshapoteza vyote viwili.

Je, utii kwa wazazi uko wapi?

Hapa najua baadhi ya wasomaji watasema: "Ndugu mwandishi, unataka kuwafundisha watoto uasi. Mimi ndiye niliyeuza kiwanja nikalipa ada. Allah (SW) ameamrisha wazazi watendewe wema. Leo mtoto aniambie hataki nilichomchagulia?"

Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Wema kwa wazazi ni faradhi, na kijana anayemjibu baba yake kwa kebehi kwa sababu ya fani ameharibu jambo kubwa kwa ajili ya dogo. Lakini wema na kumilikiwa ni vitu viwili tofauti. Ibn Taymiyya aliulizwa kuhusu mzazi anayemlazimisha mwanawe kuoa mwanamke asiyemtaka. Jibu lake ni kwamba mzazi hana haki hiyo, na kijana akikataa hahesabiwi kuwa muasi. Akalinganisha na chakula: ikiwa mtu halazimishwi kula asichokipenda, ambacho uchungu wake ni wa muda mfupi, vipi alazimishwe jambo ambalo ataishi nalo miaka?

Yeye alizungumzia ndoa, na mimi si mufti wa kutoa hukumu ya fani kwa kulinganisha. Hata hivyo, nawaomba wazazi wapime wenyewe. Mtu hukaa na kazi yake saa nyingi za mchana kuliko anavyokaa na mkewe. Ikiwa ndoa inataka ridhaa, je, kazi haitaki hata kuulizwa?

Ada nayo, ndugu zangu, ni nafaka inayotolewa kwa ajili ya mbegu. Anayelipa ada hajanunua mtoto. Ametekeleza wajibu, na malipo yake yako kwa Allah. Mzazi anayemkumbusha mwanawe kila siku kiwanja alichokiuza anageuza sadaka yake kuwa deni.

Kupenda si kuweza

Tukisema hayo, tusiende upande wa pili tukaanguka. Siku hizi husikika kauli kwamba kijana afuate tu kile moyo wake unachokitaka. Hiyo nayo si kauli ya Muislamu. Moyo wa mtu wa miaka 17 hutaka leo kuwa mchezaji mpira, kesho msanii, keshokutwa mfanyabiashara wa magari, kutegemea alichokiona kwenye simu usiku uliopita. Matamanio ni kitu kimoja na kipaji ni kitu kingine.

Namna ya kuvitofautisha si ngumu. Matamanio huipenda sifa ya kazi, kipaji huvumilia taabu yake. Muulize kijana anayetaka kuwa mwanasheria kama yuko tayari kusoma hukumu ya kurasa 50 akiwa na usingizi. Anayetaka udaktari, je, anaweza kukaa na kidonda kinachonuka bila kukunja uso mbele ya mgonjwa? Mwangalie anafanya nini pale ambapo hakuna anayemsifu. Mwanetu alikesha na spika ya madrasa siku mbili na hakuna aliyemwahidi hata soda. Alama ilikuwa pale, sisi hatukuisoma.

Qur'an Tukufu imetupa kipimo cha mtu wa kupewa kazi. Katika Suratul Qasas aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (AS) kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Katika Sura Yusuf aya ya 55, Nabii Yusuf (AS) anajitolea kusimamia hazina za nchi kwa sifa zinazofanana na hizo, ulinzi wa amana na ujuzi. Palipo na uwezo bila uaminifu hupatikana mwizi hodari. Palipo na uaminifu bila uwezo hupatikana mtu mwema anayeua wagonjwa.

Kwa hiyo kuna swali linalotangulia yote: je, mlango huu ni wa halali? Liulizwe kabla ada haijalipwa. Kijana husomea hoteli miaka miwili, na siku ya kwanza kazini anapewa sinia la pombe apeleke mezani. Ndipo anapokuja kumuuliza imamu. Mwingine anamaliza uhasibu ndipo anaposikia kwamba laana ya riba haikuishia kwa mlaji, bali imemfikia na mwandishi wake. Imamu anatoa jibu sahihi, lakini limechelewa. Uhasibu wenyewe ni elimu njema, na milango yake ya halali ipo. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina Amana Bank inayofuata misingi ya sharia, na biashara na taasisi zetu zinahitaji watunza hesabu waaminifu. Anayejua hivyo mapema hujiandaa mapema.

Fungu la umma

Nimeuliza mwanzoni kama umma una fungu katika fani ya mtoto. Jibu ni ndiyo, nalo ndilo fungu tulilolisahau kabisa.

Wanazuoni wametufundisha fardhi kifaya, yaani wajibu ambao baadhi wakiutekeleza wengine husalimika, na wote wakiuacha wote hupata dhambi. Tukisikia neno hilo akili zetu hukimbilia kwenye swala ya jeneza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihyaa Ulumiddin alihesabu humo utabibu na hisabu, kisha akaongeza kilimo, ufumaji, hata kuumika na ushoni. Akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika elimu ya fiqhi ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu. Akaona kwamba wengine hawakuifuata fiqhi kwa ajili ya Allah. Waliifuata kwa sababu ilifungua mlango wa ukadhi, wa kusimamia mali za wakfu na za mayatima.

Tuyalete hayo mitaani kwetu. Kila mume wa Kiislamu, mkewe anapofikwa na uchungu, anatamani apokelewe na mkunga mwanamke na ahudumiwe na daktari mwanamke. Tukimkuta mwanamume kwenye chumba cha kujifungulia tunanung'unika. Sawa. Lakini tujiulize: binti yetu alipofaulu Baiolojia tulimwambia nini? Wangapi kati yetu tulisema masomo ya sayansi ni marefu, atachelewa kuolewa? Wangapi tuliona uuguzi ni kazi ya kukesha usiku, haimfai mtoto wa heshima? Tunadai huduma kutoka kwa mabinti wa watu wengine, huku mabinti wetu tumewakalisha nyumbani. Hii si haki, na mbele ya Allah tutaulizwa.

Upande mwingine wa sarafu ni dharau yetu kwa ufundi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, imekuwapo kwa sheria ya mwaka 1994, lakini mpaka leo mzazi akisema mwanawe amekwenda VETA hupunguza sauti kana kwamba anatangaza msiba. Nabii Dawud (AS) alitengeneza deraya za chuma kwa mikono yake. Nabii Zakariya (AS) alikuwa seremala. Ikiwa Mitume hawakuona haya kushika nyundo, sisi haya tumezitoa wapi?

Allah ameleta wakati mwafaka wa kulirekebisha hilo. Mwaka 2024 serikali ilipanua tahasusi za Kidato cha Tano hadi kufikia 65. Katika mtaala mpya, shule za sekondari zimewekewa mkondo wa amali kando ya ule wa elimu ya jumla. Hilo neno amali ni letu, tunalisoma kila siku pamoja na imani. Itakuwa ajabu Waislamu wakiwa wa mwisho kuuheshimu mkondo unaoitwa kwa jina hilo. Lakini machaguo yakiongezeka, kosa nalo linakuwa rahisi zaidi. Kijana asiye na mtu wa kumwongoza atajaza fomu kwa kufuata rafiki yake wa dawati.

Tufanye nini?

Kwanza, miezi ya kusubiri matokeo isipotee. Kijana apelekwe akaone kazi ilivyo, wiki mbili dukani kwa mfamasia, wiki mbili gereji, siku kadhaa mahakamani akisikiliza kesi. Mwezi mmoja wa kuona kwa macho humfaa kuliko miaka ya kusimuliwa.

Pili, misikiti yetu imejaa wataalamu. Katika safu moja ya Ijumaa utamkuta mhandisi, muuguzi, fundi bomba, wakala wa forodha na mwalimu, hawajuani kwa kazi zao. Kamati ya msikiti ikiandika majina ya walio tayari, kila kijana akapewa mtu wa kumhoji kwa saa moja, gharama yake ni daftari na kalamu. Lakini aulizwe anayeifanya kazi, asiulizwe anayeitamani. Aulizwe pia ugumu wake, ajira zake zikoje, na kama swala inapatikana kwa wakati.

Tatu, baada ya kuuliza na kupima, ndipo iswaliwe istikhara. Mtume (SAW) aliwafundisha Maswahaba istikhara katika mambo yote. Hata hivyo istikhara haikuletwa ili itusamehe kazi ya kufikiri. Si bahati nasibu. Mtu huswali akiwa ameshaelewa anachokiombea.

Nne, wale ambao matokeo yao hayakuwa mazuri tusiwazike wakiwa hai. Mtihani umepima masomo kadhaa kwa wiki chache. Haukupima mikono, uaminifu, subira wala akili ya biashara. Neno la mzazi usiku ule wa matokeo hubaki kifuani mwa kijana kuliko alama zenyewe. Nayasema haya kwa kuwa najua nilichokisema mimi usiku ule, na najua nilichostahili kusema.

Mwezi uliopita nilikwenda pale Kariakoo kwenye meza ya mwanetu. Nilimkuta ana kijana mdogo pembeni yake, anamwonyesha namna ya kushika chuma cha kulehemu bila kuunguza. Nilimuuliza ni nani huyo. Akasema ni mtoto wa jirani, amemaliza Kidato cha Nne, baba yake anataka asomee udaktari. "Nimemwambia mzee wake amwache akae hapa mwezi mmoja," akasema. "Akiona haya hayamwelei, arudi kwenye vitabu vyake kwa moyo mmoja."

Alilifanya jambo hilo bila kunitazama usoni. Nami nikaona kwamba mtoto niliyeshindwa kumwongoza sasa anaongoza watoto wa wenzake.

Tumuombe Allah (SW) atuwafikishe kuwajua watoto wetu kabla hatujawachagulia, awape elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atusamehe tulipokosea tukidhani tunatenda wema.

Wallahu a'lam.